Kiduara Kikizunguka

Nilipokuwa na miaka tisa nilijua kungoja. Nilipofika arobaini na moja nilikuwa nimesahau, na kusahau huko kumenigharimu shingo, fedha, na mteja mmoja ambaye mpaka leo akipita mbele ya duka langu anaangalia upande wa pili.

Nimekulia Mvumi. Kwetu kiangazi kikikolea mto hubaki mchanga mtupu. Maji yapo, ila yako chini. Unachimba kwa mikono na kipande cha kibuyu mpaka mchanga ubadilike rangi, halafu unaacha. Wengi hushindwa hapo kwenye kuacha. Ukikimbilia kuchota unakoroga tope, na tope halinyweki. Unatulia pembeni, na maji yanakuja yenyewe kutoka kwenye kuta za shimo: kwanza unyevu, kisha jicho dogo linalong'aa, kisha kata moja. Mama zetu walinyoosha miguu juu ya mchanga, wakasukana, wakasengenyana kidogo. Mtoto akisogea na kata kabla ya wakati aliambiwa, "Acha kijae." Basi. Ndoo ya lita 20 ikishajaa unasokota kanga kuwa ngata, unajitwika, unarudi nyumbani.

Leo nina steshonari Nkuhungu, hapa Dodoma. Nilianza mwaka 2014 na kompyuta moja na printa ya mtumba iliyokuwa inatafuna karatasi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini mwaka 2016 ndipo serikali ilipoanza kuhama kweli kweli, na mji ukafurika. Miaka miwili baadaye tukaitwa jiji. Wakati huohuo kila kitu kikawa kinaombwa mtandaoni: ajira, chuo, mkopo, namba ya mlipakodi, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa. Asiye na kompyuta anakuja kwetu. Mimi ni vidole vya watu. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni nimekaa mbele ya kioo, na kwa sababu binadamu hatosheki, nikifunga duka nilikuwa nahamia kwenye kioo kidogo cha simu mpaka usingizi uninyang'anye.

Niwaeleze habari ya kiduara, maana ndicho chanzo cha yote. Kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo mfumo unapofikiri. Kuna siku za msimu, hasa Julai na Agosti, kinazunguka kuliko feni. Mteja kasimama nyuma yako anapumulia kisogo chako, foleni imetoka nje imefika kwenye vumbi, bando linaisha, umeme haujulikani. Wakati huo wote mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimeinama mbele, pua karibu iguse kioo, mkono wa kulia umekamata kipanya kama shingo ya kuku. Eti nikikikodolea macho kitaharakisha. Na mkono wa kushoto simu, maana mtu hawezi kukaa bure wakati kiduara kinazunguka.

Julai 2022 alikuja mama mmoja kutoka Bahi na binti yake. Walitaka kuomba mkopo wa chuo. Mama alikuwa na fedha ya ada ya maombi ameifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili. Nilikuwa na foleni ya watu kumi na kitu. Kwenye simu kulikuwa na grupu la kamati ya harusi ya mdogo wangu, na juu ya kioo palikuwa pameandikwa kwamba mweka hazina anaandika. Aliyewahi kuwa na ahadi ambayo hajailipa kwenye kamati ya harusi anaelewa jinsi maneno hayo yanavyobana roho.

Nikaingiza namba ya mtihani ya binti. Tarakimu mbili za mwisho nikazigeuza. Mfumo ukazunguka, ukazunguka, ukaleta jina la mtoto mwingine kabisa. Jina lilikuwa pale, kwa herufi kubwa, mbele ya macho yangu. Nikabonyeza kuendelea. Binti naye alikuwa kwenye simu yake. Mama alikuwa anaangalia kioo kwa heshima, kama mtu anavyoangalia kitu ambacho ameambiwa wengine ndio wanaokijua. Namba ya malipo ikatoka, akafungua fundo la kwanza, kisha la pili, akalipa.

Walirudi siku ya tatu. Sitasimulia maneno tuliyoambiana. Nililipia upya kwa fedha yangu, nikahangaika na barua na simu, na maombi ya yule binti yakaingia zikiwa zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Kilichonikosesha usingizi hakikuwa hasara. Nilijaribu kukumbuka ile dakika nilipobonyeza, nikaikosa. Sikumbuki uso wa binti wala jina lililotokea. Lakini ujumbe wa mweka hazina naukumbuka neno kwa neno mpaka leo: "Shem, bado elfu hamsini, tusiaibishane." Sasa mtu atasema nilikuwa wapi? Kiti changu kilikuwa dukani. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati.

Shingo nayo ilikuwa imeanza kudai deni lake. Maumivu yalitoka kisogoni yakashuka nyuma ya bega la kulia, na kidole gumba kikawa kinakufa ganzi. Nilimeza vidonge, nikapaka dawa ya kuchua, nikabadilisha mto. Mama yangu alipokuja kutoka Mvumi kututembelea, aliniona naingia getini, akasubiri nimalize kumwamkia ndipo akasema, "Mwanangu, mbona unatembea kama uliyeangusha sindano?"

Nikamwambia ni kazi, mama, kazi ya kompyuta.

"Wewe nilikutwika ndoo una miaka tisa," akasema. "Ndoo haikukuinamisha. Hicho kidude kina kilo ngapi?"

Simu yangu haifiki hata robo kilo. Nilicheka, lakini kicheko kilikwama. Usiku ule nikasimama kwenye kioo cha kabati, kioo cha kweli cha kujitazamia, nikajitazama kwa upande. Masikio yalikuwa mbele ya mabega. Kwa mtu aliyewahi kujitwika maji hilo ni jambo la aibu, maana ukiwa na ndoo kichwani, shingo ikitangulia mbele ndoo nayo inatangulia, na maji yanamwagika kwenye kifua chako. Mwili wangu ulikuwa unajua kusimama tangu utotoni. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno: kidevu ndani kidogo, mabega yaning'inie, macho mbali, miguu ndiyo ifanye haraka. Elimu hiyo niliiacha wapi?

Hospitalini nilikutana na kijana wa mazoezi ya viungo, mcheshi, ambaye aliniuliza swali moja tu la maana: "Mama, kwa siku unainuka kwenye kiti mara ngapi?" Nikahesabu: chooni, kula, kuchukua karatasi. Mara nne, tano. Nikamwambia nimesoma mtandaoni kwamba kichwa kikiinama shingo inabeba kilo 27. Akacheka. Akasema hiyo hesabu ni ya daktari mpasuaji wa Marekani, Kenneth Hansraj, ya mwaka 2014. Alichukua kichwa cha kilo tano hivi, akakiinamisha kwa kompyuta nyuzi 60, ndipo ikatoka hiyo 27. Ni hesabu ya kompyuta, si shingo za watu waliopimwa, na yeye hapendi kuwatisha wagonjwa nayo. "Shingo yako ina nguvu, mama. Inama tu. Ila usibaki huko kwa saa tatu nzima."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Lakini kimoyomoyo niliendelea kuipenda ile 27, kwa sababu ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Basi nilikuwa nimejitwika zaidi ya ndoo, tena kwa kuning'iniza mbele badala ya kuiweka juu ya mifupa.

Alinipa mazoezi matatu, ya kuvuta kidevu nyuma, ya kubana mabega, ya kunyoosha kifua mlangoni. Niliyafanya, shingo ikapata nafuu ndani ya miezi miwili hivi. Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa ya shingo tu. Mambo ya pumzi yalikuja kwa mlango mwingine.

Kuna mwalimu mstaafu ambaye alikuwa anafuatilia mafao yake. Alikuja dukani karibu kila wiki kuskani karatasi ileile iliyotakiwa tena kwa namna nyingine. Mzee mtaratibu, shati limepigwa pasi. Alikuwa amefundisha kwaya ya kanisa miaka zaidi ya thelathini. Siku moja nimempakia nyaraka zake, nimebonyeza kutuma, kiduara kimeanza. Yeye yuko kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu. Kimya. Mara nasikia:

"Binti yangu, toa."

"Nitoe nini, mwalimu?"

"Pumzi. Umeivuta ulipobonyeza hapo. Nimekuhesabia mpaka kumi na tisa, hujaitoa."

Nikaitoa. Ilitoka kwa sauti, kama tairi la baiskeli. Wateja wakacheka, mimi pia. Mwalimu hakucheka. Akasema waimbaji wake wa sauti ya kwanza walikuwa na ugonjwa huohuo: wakikaribia noti ya juu wanapandisha mabega na kufungia hewa kifuani, kama wezi waliojificha nyuma ya mlango. Sauti inatoka nyembamba, na ubeti haujaisha wamechoka.

Ni ajabu kuambiwa jambo ambalo umelifanya miaka yote na mwili wako mwenyewe haukuwahi kukuarifu. Kuanzia siku ile nilijikamata nimeziba pumzi kila mahali. Nikiandika nywila, nimeziba. Nikisubiri ujumbe wa benki, nimeziba. Nikiona jina la mwenye fremu linapiga simu, hapo ndiyo usiseme. Na nikawa nawaona wateja pia: kijana anasubiri matokeo yafunguke, kifua chake kimesimama kama picha. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanamama wa Marekani, Linda Stone, aliyewahi kufanya kazi Apple na Microsoft, aliliona jambo hilihili kwake mwenyewe akifungua barua pepe asubuhi, akalipa jina mwaka 2008: kukatika pumzi kwa barua pepe. Jina hilo alilitoa kwa utani kwenye ule ugonjwa wa watu kukatika pumzi usingizini. Sisi huku barua pepe si nyingi kihivyo. Yetu ingeitwa kukatika pumzi kwa kiduara, au kwa michango.

Mwalimu alinifundisha palepale, foleni ikiwa ndogo. Kaa ukiwa umeegemea mifupa miwili ya chini, ile inayouma ukikaa kwenye jiwe. Mkono mmoja kifuani, mmoja kitovuni. Wa chini utembee, wa juu ulale. Nikavuta hewa kwa nguvu kama tunavyofanya wote tukiambiwa tupumue, mabega yakapanda mpaka masikioni. Akatikisa kichwa. "Huanzi kwa kuvuta. Debe limejaa utalijazaje? Anza kwa kutoa. Toa taratibu, kama unapoza uji wa mtoto. Ukimaliza, hewa itaingia yenyewe, hutaiita."

Itaingia yenyewe. Nilipoisikia kauli hiyo, picha ya shimo la mchangani ilinijia waziwazi, hata ubaridi wa kuta zake.

Maelezo ya kisayansi niliyapata kwa yule kijana wa viungo, na ni mafupi. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli uliokaa kama mwavuli. Ukivuta hewa unashuka na kusukuma tumbo mbele. Ukikaa umejikunja kama kamba aliyepikwa, tumbo limebanwa, kiwambo hakina pa kushukia, kwa hiyo unapumua kwa kifua na kwa misuli ya shingo, ileile inayokuuma. Ndiyo maana mkao na pumzi haviachani. Na ukitoa hewa moyo hupunguza mwendo kidogo, ukivuta huongeza. Kwa hiyo kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, mwili unapata habari kwamba hakuna fisi. Mimi huvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita. Ni pumzi sita kwa dakika. Sihitaji saa.

Nilichofanya dukani ni vitu vya shilingi sifuri. Kioo cha kompyuta nikakiweka juu ya rimu mbili za karatasi za A4 mpaka ukingo wake wa juu ukalingana na macho. Miguu nikaiwekea boksi la bahasha. Mama alipoondoka alikuwa ameacha ngata yake ya kanga, nikaiweka nyuma ya kiuno kati yangu na kiti. Ngata ni ya kichwani, lakini ilikaa pale kama imepimwa. Simu ikahamia kwenye droo ya stapla. Siku za kwanza niliifungua ile droo mara nyingi kuliko nilivyokuwa naitazama simu mezani. Kuna stapla mbili ziliishiwa pini kwa sababu ya kisingizio tu.

Macho nayo. Dodoma upepo ukianza katikati ya mwaka na vumbi lake, macho yanakauka hata bila kompyuta. Ukiongeza kioo, ambacho kinatufanya tupepese mara chache, nusu ya kawaida au pungufu, jioni unakuwa kama umepakwa mchanga. Ushauri wa wataalamu wa macho ni kila dakika 20 utazame kitu kilicho mita sita kwa sekunde 20. Kutoka kwenye kiti changu mpaka kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara ni mita kama hizo. Nimewatazama sana wale vijana. Wao walidhani nadai.

Na kiduara ndicho nikakifanya kengele. Hapo ndipo hasa palipobadilika kitu. Zamani kilikuwa ishara ya kukimbilia simu. Sasa kikianza tu, natoa mkono kwenye kipanya, nauweka pajani, nashusha mabega, natoa pumzi. Kama kinazunguka muda mrefu, napumua mara tatu, mara nne. Nikirudi kwenye kioo nasoma kilichoandikwa kwa sauti: "Jina ni la kwako?" Namgeuzia mteja kioo athibitishe yeye mwenyewe. Tangu nianze sijageuza namba ya mtu mpaka ikafika kwenye malipo. Nimegeuza, ndiyo, mara kadhaa, lakini nimeziona.

Rafiki yangu wa jumuiya aliniuliza kama hiyo si dini ya Kihindi. Nikamwambia nimefundishwa na mwalimu wa kwaya. Alinyamaza. Baadaye nikajua kwamba hospitali za nje zinatumia mambo haya kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Mtu anayeitwa Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki ya namna hiyo Massachusetts mwaka 1979, na kweli baadhi ya mafundisho yake chimbuko ni Wabudha. Sina ugomvi. Anayenisaidia kuteremsha mabega simuulizi kabila.

Nilichokataa ni programu za simu. Niliweka moja, ya bure. Asubuhi inalia: muda wa kupumua. Mchana inalia: umesahau kupumua leo. Jioni inataka nilipie ili inipe sauti ya mvua. Mvua! Sisi wa Dodoma tuuziwe sauti ya mvua kwa mwezi! Nikaifuta. Bando la kupumulia sina.

Nisijifanye nimekuwa mtakatifu. Usiku bado ni mgumu. Dukani nina rimu, ngata na watu wa kunitazama. Kitandani nina giza na kidole. Kuna wiki tulifiwa na mjomba, grupu la ukoo likawaka usiku na mchana, nani atoe gari, nani amesema nini kwenye kikao. Nilipumua kwa nne kwa sita mpaka nikachoka, na bado nilijibu mtu saa saba usiku maneno ambayo asubuhi ningeyameza. Pumzi haikunizuia. Nilichokipata ni kitu kidogo tu: nilihisi taya langu limebana kabla sijaandika. Nilijua. Nikaandika hivyohivyo. Zamani nisingejua.

Na kuna kitu sikukitarajia, na hakinifurahishi sana. Nilipoanza kuwepo, nikaona ninavyofungua simu. Nilidhani nafungua kwa kazi, au kwa raha. Kumbe mara nyingi kidole kinakwenda pale tumbo linapokaza: nikikumbuka kodi ya fremu, nikikumbuka yule mama wa Bahi. Simu ilikuwa panadoli. Kujua hivyo hakujalipa kodi, ila sasa wakati mwingine nakaa na tumbo lililokaza, mikono mapajani, na linajikunjua lenyewe au halijikunjui.

Nilimsimulia mama kwa simu habari za kiwambo, kutoa kwanza, hewa iingie yenyewe. Ujana wake alipiga muheme, zile ngoma wanawake wa Kigogo wanazozibana katikati ya mapaja, unapiga kwa viganja huku unaimba, na ukijikunja sauti haiendi popote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hayo umeyalipia bando kuyasoma?"

Mwalimu mstaafu mafao yake yalitoka mwaka jana. Alikuja kuaga akiwa na kifungashio cha zabibu, akakaa kwenye kiti chake kilekile ingawa hakuwa na cha kuskani. Hakusema lolote kuhusu pumzi. Nilikuwa nahudumia mtu, kiduara kikazunguka, na kwa kona ya jicho nikamwona ananitazama mabega. Nilijisikia kama mwanafunzi mbele ya ubao.

Wiki iliyopita, msimu umeanza tena, foleni imefika nje. Kijana mmoja, amemaliza kidato cha sita, vyeti kwenye bahasha ya kaki aliyoikumbatia. Nimeingiza namba yake, nimebonyeza, kiduara kimeanza. Nikaondoa mkono. Nikaegemea ngata. Nje upepo ulikuwa unapeperusha mifuko, bodaboda mmoja amejifunika uso kwa koti. Kijana alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, kidevu mbele, anaangalia kioo kupitia juu ya bega langu. Sikusikia pumzi yake.

"Anti," akanong'ona, "imekwama?"

"Haijakwama," nikamwambia. "Inajaa."

Akanitazama kama niliyeongea lugha nyingine. Nikasogeza kiti cha plastiki kwa mguu, akakaa.